Mwaka Ziwa Lilipotoa Makamasi

Samaki wa kikundi cha akina mama wa usharika wetu walikuwa katika vizimba viwili ziwani, karibu kiasi kwamba mtu akisimama kwenye jiwe nyuma ya nyumba yetu na kuita kwa sauti ya kanisani, aliye kizimbani anageuka. Kizimba ni kitu rahisi kukieleza. Ni fremu ya mabomba iliyofungwa juu ya mapipa ya plastiki ili ielee, na chini yake unaning'inia wavu mkubwa kama gunia lililoachwa wazi mdomo. Ndani ya wavu kulikuwa na sato. Waliingizwa wakiwa vifaranga wa urefu wa kidole, na siku hiyo nilikuwapo, kwa kuwa niliitwa kufanya sala. Nimestaafu uinjilisti, lakini watu wa pwani hii bado huniita panapohitajika sala fupi.

Mke wangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Wenzake wengi walikuwa waanika dagaa. Kwa miaka walinunua dagaa wabichi kwa ndoo mitumbwi inaporudi alfajiri, wakawaanika juu ya nyavu kuukuu, kisha wakawapeleka soko la Mwaloni pale Kirumba. Halafu dagaa wakaanza kupungua. Mitumbwi iliongezeka, taa ziliongezeka, na matundu ya nyavu yakazidi kuwa madogo. Kulikuwa na mama mmoja Msukuma, mjane mnene mwenye utani usioisha, aliyesema kwamba siku hizi dagaa huvuliwa wakiwa bado mawazo ya mama yao. Wote walicheka, lakini walijua ni kweli. Ndipo wakaamua kufuga. Vizimba vile vilikuwa tegemeo lao la mwisho la kubaki pwani. Visipofaa, kila mmoja angetawanyika na lake, wengine kwa wakwe, wengine kuuza maandazi stendi ya Buzuruga.

Kwa mke wangu lilikuwepo jambo jingine zaidi, nalo ni nadhiri.

Katika usharika wetu nadhiri haiandikwi. Mtu husimama mbele ya watu baada ya matangazo, akasema atakachofanya, na watu wote wakaitikia kwa pamoja. Basi. Inabaki masikioni mwa watu, na masikio ya usharika ni marefu. Jumapili iliyofuata baada ya vifaranga kuingizwa, mke wangu alisimama akasema kwamba hakuna samaki atakayetoka katika vizimba vile, wa kuuzwa wala wa kuliwa, mpaka wa kwanza wawekwe mbele ya altare siku ya Sikukuu ya Mavuno. Watu wakaitikia. Mjane yule aliinama akaninong'oneza, "Mwinjilisti, mwambie mwenzio aongeze neno kidogo kwa ajili ya wagonjwa. Mimi nikipungukiwa sato huwa naumwa."

Mke wangu hakuongeza neno. Sisi ni watu wa Kagera, na kwao walikuwa na migomba na kahawa. Alilelewa katika nyumba ambayo mkungu wa kwanza wa shamba jipya haukupita jikoni, ulikwenda kanisani moja kwa moja, hata kama watoto wamelala na uji. Baba yake alikuwa akisema anayeonja kabla ya kushukuru ameiba. Alikuja nalo neno hilo huku Mwanza nilipopangiwa kazi, na tumeishi nalo. Sijawahi kulijutia, hata mwaka ule.

Sato walikua vizuri. Mvua za masika zilikuwa nyingi, mito ikaleta tope jekundu, na baada ya tope maji ya ghuba yetu yakaanza kuwa ya kijani. Hilo si jambo geni. Ziwa letu limekuwa la kijani mara nyingi tangu nilipofika, na kila mara linakuwa la kijani zaidi kuliko lilivyokuwa. Mashamba yanateremsha mbolea, mji unateremsha maji machafu kutoka milimani, na sisi wenyewe tulikuwa tukimwaga chakula cha samaki kila asubuhi na jioni. Hakuna aliyemwaga sumu. Kila mmoja alikuwa akimwaga riziki yake.

Masika yalipokwisha na ubaridi wa kiangazi ulipoanza, asubuhi moja akina mama walirudi kutoka kulisha wakiwa na ndoo, wakaiweka uani kwetu. Mjane akaniita.

"Mwinjilisti, njoo uone. Ziwa limepata mafua."

"Mafua gani?"

"Limetoa makamasi. Angalia mwenyewe."

Niliinama juu ya ndoo na mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona maji yakitembea ndani ya maji. Hivyo ndivyo ninavyoweza kusema. Vilikuwa viduara vyeupe visivyo na weupe, kama kifungo cha shati au kikubwa kidogo, vyenye nyuzi nyembamba pembeni kuzunguka, na kila kimoja kilikuwa kikijifunga na kujifungua kama mwavuli wa mtu asiyeamua kama mvua imekwisha. Mjane alitia kiganja akainua kimoja. Juu ya kiganja chake hakikuwa kitu tena, kilikuwa tone zito la maji.

"Hana mfupa," alisema. "Hana hata aibu."

Mama mwingine, mdogo kuliko wote na aliyejiunga mwisho, alisema huenda ni mayai, huenda sato wamezaa. Wakamcheka. Kila mtu wa pwani anajua sato hutunza mayai mdomoni mwake. Lakini niliona uso wa mke wangu, na kwa muda mfupi aliutamani ule ujinga uwe kweli.

Binti yetu wa tatu alikuja Jumamosi kutoka Buswelu anakoishi na mumewe. Kazi yake ni kupima maji ya ziwa. Huenda na wenzake kwa boti, huteremsha chupa na vifaa chini, huchuja, huhesabu vidudu chini ya hadubini. Mama yake amezoea kuwaambia watu kwamba tulisomesha mtoto mpaka chuo kikuu ili ahesabu viroboto wa majini. Alisalimia, akaingia, akaiona bilauri niliyoiweka mezani yenye vitu vile, na hakukaa chini.

"Baba, hawa mmewatoa wapi?"

"Vizimbani. Wanasema ni makamasi."

Alicheka kidogo. Akavuta kiti, akaweka kidevu mezani karibu na bilauri kama alivyofanya alipokuwa mtoto. Akatueleza kwamba ni wanyama. Hawana mifupa, hawana moyo, hawana ubongo, karibu mwili wao wote ni maji. Watu wa pwani ya bahari huwaita konyeza au yavuyavu, na huko wako wa kila namna, hata wakubwa kuliko sinia, na wengine wakikugusa unalia. Hawa wa kwetu ni jamaa zao wadogo wa maji baridi. Wamekuwamo ziwani siku zote, huonekana mwaka mmoja na kupotea miaka mingine, na hawana nguvu ya kumuumiza mtu.

"Na wanazaaje?" mama yake aliuliza. "Wametokea ghafla ziwa zima."

"Wengi huota tu, mama. Mtoto anachipua kwenye mwili wa mama yake, kama mgomba unavyotoa machipukizi. Chakula kikiwepo, mmoja anakuwa shina zima."

Mama yake aliipenda ile. Mgomba aliujua.

Nilimuuliza wana faida gani. Ni swali la mtu aliyezoea kufundisha watoto kwamba kila kiumbe kina sababu yake. Binti yangu alisomea sehemu ya masomo yake pwani ya bahari, akatueleza ya huko. Alisema baharini kasa hula wanyama hawa, na samaki wengi kuliko watu wanavyodhani. Samaki wachanga hujificha chini ya mwavuli wao wasiliwe. Wako wengine kama mapipa madogo ya kioo, hunyonya maji na kuyachuja ukijani wake, na kinyesi chao huzama haraka hadi kilindini. Wakifa, wanazama pia. Kule chini kabisa, ambako jua halifiki na hakuna kinachoota, viumbe wanaishi kwa mabaki yanayodondoka kutoka juu. Mizoga ya hawa laini ni sehemu ya kapu hilo.

"Kwa hiyo wanapeleka chakula kwa maskini," nilisema.

"Ukipenda kusema hivyo, baba."

"Na wanakula nini?"

Alisema wanakula vidudu wadogo wa majini, wale wale anaowahesabu, wale wale dagaa wanaowala. Na vidudu wale ndio wanaokula ukijani. Wakiliwa sana, ukijani unabaki bila wa kuupunguza. Unakua, unajaa, kisha unakufa, na unapooza unamaliza hewa iliyo ndani ya maji.

"Basi hao ndio adui," alisema mama yake.

"Hapana, mama. Huko baharini watu wamevua samaki mpaka wamekwisha, wamemwaga uchafu, halafu konyeza wakiongezeka wanasema konyeza wameharibu bahari. Wamekalia kiti kilichoachwa wazi tu. Na hapa hivyo hivyo. Dagaa walikuwa wakila meza hiyo. Dagaa wako wapi?"

Nje, mjane alikuwa akiimba huku akiosha ndoo.

Baada ya chakula binti yangu alichukua mtumbwi na mama yake wakaenda vizimbani. Alikuwa amekuja na kifaa kidogo cha kupimia hewa ya maji, akakiteremsha pole pole. Waliporudi alizungumza na mama yake pale pale kwenye jiwe, nami nikiwa nimekaa kivulini mwa nyumba.

"Mama, vueni samaki wiki hii. Wote, au angalau nusu. Juu hewa ipo, lakini ukishuka kidogo tu haipo. Huu ni msimu wa upepo. Siku upepo ukivuma kwa nguvu kutoka kusini, maji ya chini yatapanda juu, na wavu haumruhusu samaki kukimbia. Wa nje ataondoka. Wako hana pa kwenda."

"Mavuno ni wiki tatu."

"Najua."

"Basi."

"Mama, Mungu hatakataa samaki kwa sababu amevuliwa Jumanne."

"Sikumwambia Jumanne. Nilimwambia Mavuno. Na wewe ulikuwepo, ukaitikia."

Binti yangu alinigeukia. Nilishauri waende kwa mchungaji, wakaenda, nami nikaenda nao. Mchungaji ni kijana mwenye huruma. Alisema wazi kwamba malimbuko yanaweza kuletwa Jumapili yoyote, kwamba usharika ungefurahi, kwamba nadhiri haikuwekwa ili kumnasa mtu. Mke wangu alimsikiliza kwa heshima yote. Akamshukuru. Njiani kurudi alisema, "Ana moyo mzuri. Lakini sikumwahidi yeye."

Akina mama wenzake walikutana uani kwetu. Mjane alisemea pande zote mbili, kama kawaida yake.

"Mimi ningevua leo jioni. Lakini tukivua na wakifa kuku zangu, mtasema ni laana, na kuku zangu wana jina zuri. Mama Mwinjilisti ndiye aliyefungua kinywa. Afunge yeye."

Hakuna aliyetaka kulazimisha. Kila mmoja alisema atafuata mwenyekiti. Nadhani waliliona jambo kama nilivyoliona mimi. Watu wanaoamua kumtegemea Mungu kwa vizimba vyao hawawezi kumvunjia ahadi juu ya vizimba hivyo hivyo. Ni kosa ambalo asingelifanya mtu asiyeamini, na asingelifanya mtu anayeamini kidogo. Mfanyabiashara mwenye vizimba ng'ambo ya ghuba, aliyesikia habari ya kipimo, alivua wake siku ya pili.

Wiki mbili zilipita vizuri. Viduara vile viliongezeka. Nilizoea kwenda kwenye jiwe asubuhi baada ya sala na kuwatazama wakipita kwa maelfu katika maji ya kijani, wakijifunga na kujifungua. Sikuwachukia. Niliwaza jinsi mnyama asiye na moyo anavyofanya kazi aliyopewa bila kulalamika na bila kujua kwamba ni kazi. Huchukua kilicho juu, hukila, hufa, hukipeleka chini. Nilimshukuru Muumba kwa ajili yao. Niliona pia kwamba hawana namna ya kujua kama ziwa wanaloishi linakufa, na kwamba sisi tunayo namna hiyo na haikutusaidia.

Ijumaa kabla ya Mavuno upepo ulivuma tangu asubuhi. Mabati yalilia. Akina mama walipokwenda kulisha mchana, walikuta sato wote wamepanda juu, vinywa wazi, midomo ikifunguka na kufungika juu ya maji, kizimba kizima. Walirudi wamefurahi.

"Wanaimba," mjane alisema. "Wameshajua Jumapili kuna kwaya. Sauti ya tatu iko upande ule wa pili."

"Wana njaa," alisema yule mama aliyejiunga mwisho. "Tumewaongezea chakula, hawajala vizuri, kimebaki kinaelea."

Mke wangu alinitazama. Alikuwa amekumbuka jambo alilosema binti yetu, lakini hakulikumbuka lote. Alimpigia simu. Simu haikupatikana, kwani binti alikuwa kazini majini, mbali, ambako mtandao haufiki. Alipopiga tena jioni na akapatikana, binti yetu aliuliza samaki wamekuwa juu tangu saa ngapi. Kisha akauliza kama bado kuna mwanga wa kutosha kuvuta wavu. Jua lilikuwa limekwisha zama, na mawimbi yalikuwa makubwa kiasi kwamba wenye mitumbwi walikuwa wameivuta juu ya mchanga.

Asubuhi ya Jumamosi upepo ulikuwa umetulia kabisa. Kutoka kwenye jiwe vizimba vilionekana kama vimefunikwa na shuka jeupe. Yalikuwa matumbo ya samaki.

Sitaeleza sana kazi ya siku ile. Tulivuta kutoka asubuhi mpaka mchana, wanaume wa kwaya wakasaidia. Sato wale walikuwa wakubwa, wakubwa kweli, wa kumlisha mtu na mgeni wake. Ukiwaangalia hukuona jeraha. Katikati ya mizoga walikuwamo wale viduara pia, wamekwama katika matundu ya wavu, wengine wakiendelea kujifunga na kujifungua. Binti yetu alifika. Hakupima kitu. Alifunga kitenge kiunoni akaingia majini kuvuta pamoja na wenzake.

Karibu adhuhuri ilikuja pikapu yenye wanaume watatu. Habari za samaki waliokufa husafiri haraka. Kiongozi wao alituamkia wote kwa heshima, akanisalimu kwa shikamoo, akasema anasikitika sana na angependa kutupunguzia mzigo. Angewachukua wote, awatie chumvi, awakaushe kwa moshi, awapeleke mbali kusikojulikana walikotoka.

"Wamekufa usiku, mama," alimwambia mke wangu. "Bado ni wazuri. Fungua shavu, uone wekundu."

"Wamekufa wenyewe," mke wangu alisema. "Sijui kilichowaua kitamfanya nini mtu."

"Amesema binti yako ni kukosa hewa. Kukosa hewa si sumu."

Mjane alikuwa amesimama katikati, mikono imejaa magamba. Nilidhani atatania. "Mama Mwinjilisti," alisema taratibu, "mimi nina wajukuu. Huyu bwana anataka kutuondolea uchungu kidogo. Samaki wetu wamekufa usiku wa kuamkia leo, tumewalisha wenyewe, tunawajua. Mwache achukue."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiomba. Akina mama wengine waliacha kazi wakasogea upande wake. Mke wangu aliosha mikono yake ziwani, polepole, akarudi.

"Hakuna aliyewekwa mbele ya altare," alisema. "Wa kwanza bado hajatoka."

Yule bwana hakuelewa. Sisi tulielewa wote, na ndilo lilikuwa gumu. Mjane aliketi mchangani akafunika uso kwa kanga. Pikapu iliondoka. Tulichimba shimo nyuma ya uwanja wa kanisa, refu, na jioni ilipoingia tulikuwa tumemaliza kufukia. Mchungaji alikuja akasimama pembeni mpaka mwisho, na namheshimu kwa hilo.

Jumapili ya Mavuno ilikuwa na jua zuri. Watu wa usharika walipanga foleni kama kila mwaka, kutoka mlangoni hadi altare. Mahindi, viazi, mikungu ya ndizi, mbuzi mmoja aliyekataa kupanda ngazi, kuku wamefungwa miguu. Kikundi cha akina mama kilipoitwa, nilidhani hakuna atakayesimama. Mke wangu alisimama. Alivaa nguo yake ya sikukuu. Alitembea peke yake katikati ya kanisa, mikono mitupu, polepole kama aliyebeba kitu kizito, akafika, akasimama mahali walipoweka wenzake mizigo yao. Akakaa pale muda wa pumzi chache. Kisha akarudi mahali pake. Kwaya ilikuwa ikiimba na haikujua kama iache au iendelee, ikaendelea. Baadaye, nje kwenye mnada wa sadaka hizo, watu walinunua vitu kwa kelele na vicheko kama ilivyo desturi, na hakuna aliyetusemesha ila kwa upole mwingi, ambao ni mgumu kuupokea.

Njiani nilimuuliza kwa nini alikwenda.

"Niliahidi kwenda," alisema.

Kikundi kilivunjika kabla ya mvua za vuli. Hakuna aliyegombana. Fremu zilivutwa nje, nyavu zikakunjwa. Mjane alihamia kwa mwanawe Shinyanga, na siku ya kuaga alifika na kuku mmoja, akasema ni yule mwenye jina zuri. Yule mama aliyejiunga mwisho sijui alipo. Binti yetu bado anapima maji. Nilimuuliza mara moja kama ziwa litarudi kuwa kama nilivyolikuta. Alifikiri, maana si mtu wa kunidanganya.

"Baba, mimi napima tu," alisema.

Viduara walipotea kama walivyokuja. Binti anasema wamezama, wengi wao, na kwamba huko chini, kama kuna kilichobaki hai cha kuwala, wameliwa. Ziwa ni la kijani zaidi leo kuliko mwaka jana. Naomba kwa ajili yake kila siku, na sitaacha, lakini siombi tena nikiwa na picha ya jibu. Nimeishi miaka mingi, nimepewa mengi, na ninashukuru kwa uaminifu. Shukrani haijanipungua. Kilichonipungua ni kuamini kwamba nitawaachia wajukuu maji.

Mke wangu ni mzima. Anakwenda kanisani, anatembelea wagonjwa, anapika. Hazungumzii vizimba. Mchana tunapoketi kula, maharage na ndizi mara nyingi, kwa sababu samaki hatununui tena, nasali sala ya chakula kama nilivyosali tangu tulipooana. Nashukuru kwa kilichopo mezani, kwa mikono iliyokitengeneza, na kwa waliokosa naomba. Nikimaliza, nasubiri. Tangu Jumapili ile yeye hasemi Amina. Hakasiriki, hanitazami vibaya. Anakaa tu, mikono mapajani, akiangalia sahani.

Sijamuuliza. Nimemfahamu muda mrefu wa kutosha kujua kwamba mtu aliyetimiza neno lake mpaka mwisho hadaiwi neno jingine. Nasubiri kadiri ninavyoweza, mpaka chakula kinaanza kupoa. Kisha nasema Amina mimi mwenyewe, halafu naisema mara ya pili, kwa sauti ndogo, kwa ajili yake, na tunakula.